Ufuasi wa tiba ya kupunguza uzito kwa wanawake (saikolojia)

Ufuasi wa tiba ya kupunguza uzito ni kadiri mtu anavyoshika aliyokubaliana na mtoa huduma: chakula, mazoezi, na siku za kurudi kupimwa. Kliniki za Afrika Mashariki zimelizoea neno hili zaidi kwa watumiaji wa dawa za VVU. Katika kupunguza uzito, mara nyingi, hakuna kidonge cha kuhesabu. Dozi yenyewe imo ndani ya sufuria.

Umuhimu wa ufuasi ulionekana Boston, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Watu 160 waligawiwa milo minne maarufu ya kupunguza uzito. Kilichotofautisha matokeo yao ni namna kila mmoja alivyoushika mlo wake. Aina ya mlo haikuwa na umuhimu huo.

Sifa ya mtu inayochunguzwa sana kuhusu ufuasi huu ni kujizuia kula. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwaalika wanafunzi wa kike wa chuo kikuu kwa kisingizio cha kuonja ladha. Baadhi walinyweshwa milksheki kwanza, kisha wote wakaletewa aiskrimu wale watakavyo. Wasio na mazoea ya kujinyima, wakiisha kunywa milksheki, walikula aiskrimu kidogo zaidi. Wenye mazoea ya kujinyima walifanya kinyume: waliokunywa milksheki walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakuonja kitu. Sharti limeshavunjwa, basi potelea mbali. Baadaye Joachim Westenhöfer wa Ujerumani alitenganisha kujizuia kwa ukali na kujizuia kunakolegea inapobidi. Kwa jumla huku kwa pili ndiko kunakoandamana na kula kwa kiasi. Anayemwita aliyekatisha tiba mvivu, basi, huenda anamsema mtu aliyejibana kupita kiasi.

Matarajio nayo yana nguvu: yakizidi, yanaweza kuvunja moyo wa kuendelea. Mwaka 1997 Gary Foster na wenzake waliripoti habari za wanawake 60 wenye unene uliopitiliza, ambao kwa wastani walitaka kupunguza asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya wiki 48 za tiba walikuwa wamepungua wastani wa kilo 16, matokeo ambayo daktari angeyashangilia. Asilimia 47 hawakufikia hata uzito ambao mwanzoni walisema ungewavunja moyo.

Imani ya mtu kwamba analiweza jambo, iliyoelezwa na mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977, husaidia pia, hasa inapojengwa na mafanikio madogo, kama kuandika kila siku alichokula.

Tabia ya mtu haifanyi kazi peke yake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwili mnene umehesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa, na wembamba wa ghafla ukahusishwa na UKIMWI. Mwanamke aliyepungua kilo tano kwa jasho lake anaweza kukutana na shangazi mlangoni: “Mwanangu, mbona umekonda hivyo, unaumwa?” Jioni hiyo anapakuliwa sahani mbili.