Ziwa Halipwi: Watu Mashuhuri wa Mwambao wa Busia na Swali la Uzawa

Utangulizi

Katika majibu ya watahiniwa wa fasihi, kuna kauli moja ambayo haikosi kujitokeza: kwamba mwandishi fulani ni mzaliwa wa pwani, na kwa hivyo Kiswahili chake ni kizuri na maudhui yake ni ya kipwani. Kauli hiyo huandikwa kana kwamba imekwisha kuthibitisha jambo. Aghalabu huwa haijathibitisha lolote. Tena huwa na athari nyingine iliyo mbaya zaidi. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyezaliwa mbali na bahari huisoma kauli hiyo kinyume, akahitimisha kuwa Kiswahili ni mali ya watu wengine, naye ni mgeni tu aliyekaribishwa barazani.

Makala hii inanuia kuipima kauli hiyo kwa kutumia historia ya mahali ambapo wengi hawangefikiria kuitafuta, yaani Busia na Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Tutawaangalia baadhi ya watu mashuhuri wa sehemu hiyo kwa kuzaliwa au kwa makazi. Kisha tutarudi kwenye pwani ya bahari tuone kama hali huko ni tofauti.

Pwani na mwambao

Neno pwani limetokana na kitenzi pwa, yaani maji ya bahari kupungua na kurudi nyuma, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Pwani basi ni mahali panapopwa. Kwa maana hiyo kali, Ziwa Viktoria halina pwani, kwa kuwa ziwa halipwi. Hata hivyo, lina ufuo na mwambao, na sehemu ya mwambao huo iko Busia. Bandari ndogo za Sio Port na Port Victoria ziko huko, katika nchi ya Wasamia na Wabanyala. Milima ya Samia ilisifika tangu zamani kwa wahunzi wake, waliofua majembe ya chuma yaliyouzwa kwa majirani wa karibu na wa mbali.

Mwambao huu nusura uunganishwe na bahari moja kwa moja. Upimaji wa njia ya reli uliofanywa chini ya Macdonald mwaka wa 1891 na 1892 ulitoka Mombasa ukaishia Port Victoria. Baadaye mpango ulibadilishwa, na mwaka wa 1901 reli ikaishia Kisumu, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Reli nyingine, ile ya kupitia Eldoret, ndiyo iliyokuja kuvuka mpaka pale Malaba, na kufika Kampala mwaka wa 1931. Kwa njia hizo, pamoja na ile ya misafara iliyotangulia, Kiswahili kilipanda bara. Hakikuja kama zawadi ya mzaliwa wa pwani kwa mtu wa bara. Kilikuja kwa biashara, kwa kazi, kwa amri za serikali na kwa mahitaji ya watu waliokutana njiani wasielewane kwa lugha za mama.

Mstari uliowakuta watu

Hadi tarehe 1 Aprili 1902, sehemu yote ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku hiyo mkoa huo ulihamishwa na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Mtoto aliyezaliwa Nambale mwaka wa 1900 alizaliwa Uganda. Mdogo wake aliyezaliwa katika nyumba iyo hiyo mwaka wa 1903 hakuzaliwa Uganda. Watu hawakuhama. Mpaka ndio uliohama.

Baada ya hapo Wasamia walijikuta pande mbili za Mto Sio, na Waiteso wakajikuta pande mbili za Mto Malaba. Shangazi akawa raia wa nchi moja, mpwa akawa raia wa nchi nyingine. Mwaka wa 1976 Idi Amin alipodai kuwa magharibi ya Kenya ni ya Uganda, alitegemea historia ya kabla ya 1902. Kwa wakaazi wa mpakani, madai hayo hayakuwa mjadala wa vitabuni, bali yaligusa swali la wewe ni wa upande upi, swali ambalo mtu wa hapo hudaiwa kulijibu kwa kitambulisho kila avukapo.

Nyumba moja, nchi mbili

Hakuna mfano ulio wazi kuliko ukoo wa Kanoni Jeremiah Awori, mmoja wa makasisi Waafrika wa mwanzo wa Kanisa la Anglikana katika sehemu hizo, na mkewe Mariamu Odongo. Walijaliwa watoto kumi na saba.

Moody Awori alizaliwa Butere mwaka wa 1927. Butere haiko Busia. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliwakilisha Funyula, nchi ya Wasamia, bungeni, hadi mwaka wa 2007. Mwezi wa Septemba 2003, baada ya kifo cha Michael Wamalwa Kijana, aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Anakumbukwa hasa kwa mageuzi ya magereza aliyoyasimamia alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Ndugu yake, Aggrey Awori, alizaliwa mwaka wa 1939 kijijini Budimo, upande wa Uganda. Aliiwakilisha Uganda katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960 kwenye mbio za kuruka viunzi, akasoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaongoza televisheni ya Uganda. Aliingia bungeni Kampala, akagombea urais wa Uganda mwaka wa 2001, na baadaye akawa waziri katika serikali ya nchi hiyo. Alifariki mwezi wa Julai 2021. Kwa hiyo baba mmoja na mama mmoja waliipa Kenya Makamu wa Rais na Uganda mgombea urais.

Kwa walimu wa Kiswahili, ndugu wa tatu ndiye wa kuangaliwa zaidi. W.W.W. Awori alikuwa mwanasiasa wa chama cha KAU na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, alikuwa mhariri wa Radio Posta, gazeti la Kiswahili lililotolewa Nairobi. Huyu ni Msamia, mtoto wa kasisi wa bara, aliyekitumia Kiswahili kuudai uhuru katika mji ambao haukuwa wa Kisamia wala wa Kiswahili. Historia ya nathari ya Kiswahili nchini Kenya haiwezi kuandikwa ikakamilika bila wahariri wa namna hii. Hata hivyo, katika madarasa yetu hawatajwi kwa nadra tu, bali hawatajwi kabisa.

Dada yao, Mary Okello, alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meneja wa benki nchini Kenya, mwaka wa 1977, kisha akaanzisha shule za Makini.

Wengine, na wasio na majina

Ukoo mmoja haufanyi mwambao. Kutoka Samia pia alitoka Dkt. Julia Ojiambo, mtaalamu wa lishe aliyechaguliwa mbunge mwaka wa 1974 na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika wadhifa wa waziri msaidizi nchini Kenya. Kutoka upande wa Teso alitoka Albert Ekirapa, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya magazeti ya Nation, wachapishaji wa Taifa Leo. Gazeti hilo limewafundisha vijana wengi wa bara kusoma Kiswahili kuliko vitabu vingi tunavyovitahini.

Wako pia mashuhuri ambao hawakuandikwa majina. Kati ya vituo viwili vya forodha pale Busia kulikuwa na mwendo usiofaa kutembewa na mtu mwenye mizigo. Vijana wenye baiskeli walianza kubeba abiria na bidhaa kutoka mpaka hadi mpaka, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka lililorudiwa mara mbili. Neno hilo likatoholewa, likavaa irabu mwishoni, likawa boda boda. Mwalimu anayetafuta mfano wa utohozi na uradidi kwa pamoja hana haja ya kwenda mbali. Neno limeenea Afrika Mashariki nzima, limehama kutoka baiskeli hadi pikipiki, na hakuna anayeuliza kama waliolibuni walikuwa wazawa wa pwani.

Je, pwani ya bahari ni tofauti?

Msomaji anaweza kusema kuwa mkanganyiko huu wa uzawa na makazi ni shida ya mpakani tu. Tutazame.

James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka wa 1934, alikuwa mtu wa Freretown, Mombasa. Lakini Freretown yenyewe ilianzishwa katika miaka ya 1870 ili kuwapa makazi watumwa waliokombolewa, na wazazi wa Mbotela walikuwa miongoni mwa waliotekwa bara, mbali kusini. Kwa kuzaliwa yeye ni wa pwani, kwa asili ni wa bara, na kitabu chake kinahusu hasa njia iliyoziunganisha sehemu hizo mbili kwa minyororo. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka wa 2025, alikuwa sauti ya redio iliyosikika hadi Busia na Malaba kwa miongo mingi kupitia kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?

Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909. Ni mzawa wa pwani bila shaka. Lakini Kusadikika ni nchi iliyo angani, haina pwani. Anayetaka kuielewa riwaya hiyo atasaidiwa zaidi na jambo jingine la maisha ya mwandishi: kwamba alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika idara ya forodha. Aliijua ofisi, aliijua amri, alijua jinsi mtu anavyosimama mbele ya wenye madaraka akisubiri kusikilizwa. Kazi na makazi yanaeleza zaidi ya kitovu.

Naye Abdilatif Abdalla ni mzaliwa wa Mombasa, lakini Sauti ya Dhiki ilitungwa gerezani, alikofungwa kati ya 1969 na 1972. Mashairi yake yamejengwa kwa bahari na kanuni za Kimvita, ni kweli, ila dhiki yake haikuzalishwa na pwani.

Mafunzo kwa mhakiki

Haisemwi hapa kwamba maisha ya mwandishi hayana maana katika uhakiki. Yana maana kubwa. Kinachokataliwa ni njia ya mkato. Mtahiniwa anapotaka kutumia wasifu wa mwandishi, na ajiulize mambo matatu. Kwanza, ni tukio gani hasa la maisha linalohusika: kuzaliwa, kusoma, kazi, kifungo au uhamisho? Pili, linaonekana wapi katika matini yenyewe, katika wahusika, mandhari, msamiati au mgogoro? Tatu, je, kama tungekuwa hatujui mwandishi alizaliwa wapi, hoja ingesimama? Hoja isiyosimama bila cheti cha kuzaliwa si hoja ya fasihi.

Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, ni mazoezi mazuri. Mhusika mkuu anaanzia Tanga, anasafiri kupitia Mombasa hadi Kitale akimtafuta baba yake. Anaitwa Kongowea Mswahili, jina linalobeba mji mkongwe wa pwani. Aliyemuumba alikulia magharibi ya Kenya. Je, riwaya hiyo ni ya pwani au ya bara? Mwanafunzi atakayelijibu swali hili kwa kufuata safari ya mhusika, badala ya kijiji cha mwandishi, atakuwa ameanza kuhakiki.

Hitimisho

Busia inatufundisha kwamba mahali pa kuzaliwa huweza kubadilishwa jina na mtu asiyekujua, kwa mstari wa kalamu. Nyumba ya Awori ilibaki nyumba moja ingawa mstari ulipita katikati ya ukoo. Lugha nayo ni hivyo. Uganda ilikitambua Kiswahili katika katiba yake kwa marekebisho ya 2005, na mwaka wa 2022 baraza lake la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Watu wa Busia na Malaba hawakungoja maamuzi hayo: walikuwa wamekizungumza sokoni na kwenye foleni za malori muda mrefu kabla. Mtahiniwa wa huko aingie katika chumba cha mtihani akijua kwamba wenyeji wa lugha hii ni wale wanaoifanyia kazi, naye ni mmoja wao.

Maswali ya kujadili

1. Tofautisha uzawa, asili na makazi ya mwandishi, kisha ueleze ni lipi kati ya hayo linalokusaidia zaidi kuhakiki tamthilia au riwaya unayoisoma.

2. "Kazi na makazi yanaeleza zaidi ya kitovu." Jadili ukweli wa kauli hii ukirejelea Kusadikika.

3. Kusanya maneno matano ya Kiswahili yanayotumiwa mpakani au sokoni karibu nawe, na ueleze yaliundwa kwa njia gani.