Nani Aamue, na Lini: Rekodi ya Jinai na Masomo ya Uuguzi

Mjadala kuhusu mtu aliyewahi kutiwa hatiani na sasa anataka kusomea uuguzi huzungushwa kwenye swali moja: aruhusiwe au akataliwe? Swali hilo limekaa vibaya. Sijamsikia mtu makini akidai kwamba historia ya jinai isichunguzwe kabla mtu hajakabidhiwa wagonjwa na funguo za kabati la dawa. Linalostahili kubishaniwa ni nani atoe uamuzi, na autoe lini. Mfumo wa England, ambao wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wameupitia, unaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kwenda mrama hata pale sheria zinapotungwa kwa nia njema.

Sheria ya huko ya mwaka 1974 inampa aliyemaliza adhabu yake haki ya kutoitaja tena baada ya muda fulani. Amri ya mwaka uliofuata ikaziondoa kwenye nafuu hiyo kazi za kuhudumia watu dhaifu, uuguzi ukiwemo. Hata mchujo wa hatia ndogo na za zamani ulipoanzishwa mwaka 2013, ilibaki kanuni moja ngumu: aliyetiwa hatiani zaidi ya mara moja, hatia zake zote zitajwe maisha yake yote. Kanuni hiyo ilimnasa mwanamke anayejulikana mahakamani kwa herufi P. Mwaka 1999, akiwa hana makazi na akiugua skizofrenia isiyotibiwa, alipewa onyo la polisi kwa kuiba sandwichi, kisha akatiwa hatiani kwa kuiba kitabu cha peni 99 na kwa kutofika mahakamani. Alikuwa akitafuta kazi ya usaidizi wa mwalimu, lakini kanuni iliyomfungia mlango ndiyo iliyowafungia wanaotaka kuwa wauguzi. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliona kwamba kanuni hiyo imepita kiasi, na Novemba 2020 ikafutwa. Leo hatia ya mtu mzima ambaye hakufungwa, kama haimo katika orodha ya makosa yasiyochujwa, huacha kuonekana kwenye cheti cha ukaguzi wa rekodi ya jinai baada ya miaka 11.

Wanaopinga ulegevu huo wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri, na hoja yenyewe ina jina: Harold Shipman. Daktari huyu alitiwa hatiani mwaka 1976 kwa kughushi maagizo ya dawa ya pethidini aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Hakufutwa kwenye daftari la madaktari. Uchunguzi ulioongozwa na Janet Smith baadaye ulibaini kwamba aliua wagonjwa wapatao 215. Lakini tuisome kesi hiyo kwa makini. Kosa lake lilihusu dawa, na bado aliendelea kujipatia dawa kali ya daimofini kwa wingi bila mtu wa kumhoji. Rekodi ilikuwepo; haikuunganishwa na kazi aliyokuwa akiifanya. Kwa upande mwingine yupo Beverley Allitt, muuguzi aliyehukumiwa mwaka 1993 kwa kuua watoto wanne katika hospitali ya Grantham. Dalili ambazo ripoti ya Clothier ilizirejea hazikutoka kwenye faili la polisi. Zilihusu afya yake na jinsi alivyokosa mafunzo mara kwa mara kwa madai ya ugonjwa. Anayetegemea cheti peke yake angempitisha Allitt na kumkataa P.

Sasa twende chuoni, huko huko England. Angalau saa 2,300 za mafunzo ya muuguzi, nusu ya programu nzima, hutumika kwa vitendo, hasa wodini na katika jamii, kwa hiyo chuo hakiwezi kuahirisha uchunguzi. Kinamkagua mwombaji, jopo linakaa, linamkubali. Lakini uamuzi wa jopo haulifungi Baraza la Wauguzi na Wakunga, ambalo hupima afya na tabia njema ya mhitimu anapoomba kusajiliwa. Na tangu Agosti 2017 wanafunzi wapya nchini England hawalipiwi tena ada na serikali, wengi hukopa. Mtu anakopa, anasoma miaka mitatu, ndipo anafika mbele ya chombo chenye kauli ya mwisho. Mwaminifu aliyeeleza kila kitu siku ya kwanza anabeba hatari ile ile hadi siku ya mwisho. Huko si kumlinda mgonjwa. Mgonjwa amekwisha kuhudumiwa na mtu huyo kwa maelfu ya saa.

Texas, jimbo lisilosifika kwa huruma katika mambo ya jinai, imepata dawa iliyo rahisi. Sheria yake ya uuguzi inamruhusu hata anayekusudia tu kujiunga na masomo kuliomba baraza la wauguzi la jimbo litamke mapema kama historia yake inamzuia kupata leseni. Baraza linaweza kukataa. Lakini anayekataliwa hajauza shamba wala hajapoteza ujana wake.

Kwetu suala hili limesogea karibu zaidi tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021. Muuguzi anayeomba viza ya kazi hiyo hutakiwa kuleta cheti cha polisi, na yaliyomo kwenye cheti hicho hutegemea polisi walimkamata nani. Na si kila aliyekamatwa ni hatari kwa mgonjwa: Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinawaadhibu maskini kwa hali yao. Kijana aliyezolewa kwenye msako wa usiku na aliyeghushi maagizo ya dawa wote wana rekodi; baraza lisiloangalia ndani ya rekodi halijui linamzuia nani.

Yapo mabaraza yatakayohofu kufungwa mikono na uamuzi wa mapema kama wa Texas. Si lazima. Uamuzi huo uhusu mambo yaliyoelezwa tu: akibainika kuficha jambo, au akitenda kosa jipya, ubatilike. Aliyewahi kukutwa na kosa la dawa akubaliwe kwa sharti kwamba katika miaka yake ya kwanza asishike peke yake funguo za dawa zinazodhibitiwa, na sharti hilo liandikwe mahali ambapo mwajiri wake wa pili na wa tatu atalisoma.