Wazazi Wenye Shule: Habari za Githunguri

Ajengaye nyumba kwa jasho lake hatazamii kuonyeshwa mlango. Ndivyo walivyoona wazazi wengi wa Kikuyu mwaka 1929, pale misheni kadhaa zilipowataka walimu na waumini waikane tohara ya wanawake. Waliokataa walitoka, na watoto wao wakatoka nao madarasani.

Hata hivyo hawakuikana elimu. Walijenga shule zao wenyewe, wakawalipa walimu kwa michango yao, na mwaka 1934 wakaunda chama cha shule huru, KISA. Walimu wakawa haba. Ndipo Peter Mbiyu Koinange, aliyerejea kutoka masomoni Marekani, alipofungua chuo cha ualimu huko Githunguri mwaka 1939. Wanaume walichanga kwa kufuata marika yao; wanawake nao wakachanga ili wasichana wapate bweni. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho pamoja na shule huru nyingi.

Desturi iliyozusha ugomvi ule ilikatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, na katazo hilo ni la haki. Lakini swali la wazazi wale lilikuwa pana kuliko desturi: je, mwenye kuijenga shule hana neno katika uendeshaji wake? Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wanavijiji waliinua shule za harambee kwa michango ya namna ileile, na swali hilo likaingia nazo darasani.