Mnyonge Mnyongeni, Ushahidi Wake Upokeeni

Mwaka 1876 nchini Uingereza, dereva wa gari la farasi la abiria la St Albans alimcharaza mjeledi mwendesha baiskeli waliyekutana naye njiani. Msaidizi wake alikuwa amejiandaa kwa tufe la chuma lililofungwa kwenye ncha ya kamba. Alilirusha katikati ya spoki za gurudumu, akamburuta mpanda baiskeli pamoja na chombo chake mpaka chini.

Kisa hicho ni cha kikatili, lakini kwa upande wa sheria hakina utata. Kuna silaha, kuna mshambuliaji anayeonekana, na kuna mtu aliyelala vumbini. Kigumu zaidi ni kisa kinachotokea kila siku katika barabara za dunia: gari linampita mwendesha baiskeli kwa upana wa kiganja, upepo wake unamyumbisha, kisha linatokomea. Hakuna mjeledi wala jeraha. Mtu huyo akienda kituo cha polisi, anaripoti nini? Anaripoti kifo ambacho hakikutokea. Historia ya Uingereza kwa takribani miaka 150 ni historia ya namna ripoti hiyo ilivyopata, hatua kwa hatua, sikio la kuisikiliza.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba sheria ilimtambua mwendesha baiskeli kama mshtakiwa kabla ya kumtambua kama shahidi. Mwaka 1879, katika shauri la Taylor dhidi ya Goodwin, mahakama iliamua kwamba baiskeli ni chombo cha usafiri kama magari mengine ya barabarani. Hiyo haikuwa zawadi. Maana yake ilikuwa kwamba mpanda baiskeli angeweza kutiwa hatiani kwa kuendesha kwa kasi ya hatari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1888 ikauthibitisha msimamo huo kwa nchi nzima. Wajibu ulifika mapema, na haki ikafuata kwa mwendo wa kobe.

Kisha likaja gari la injini. Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari 1, 1904, ilileta kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida mno: kibao cha namba. Kabla ya hapo dereva aliyekimbia alikuwa vumbi tu linalotoweka upeoni. Baada ya hapo alikuwa na alama ambayo hata mkokotaji wa mkokoteni angeweza kuikariri. Sheria hiyohiyo ilimtaka mwenye gari atoe taarifa za kusaidia kumtambua dereva wake aliyetuhumiwa. Hapo ndipo ulipowekwa msingi wa ripoti zote za leo.

Lakini sheria hiyo ilitoa kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mwingine. Iliweka ukomo wa mwendo wa maili 20 kwa saa, kisha ikasema kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuuvuka ukomo huo kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake kuhusu kasi ya gari. Kanuni hiyo ina busara yake, kwa kuwa jicho la mwanadamu hukosea. Hata hivyo, tuangalie ilimwangukia nani. Mwendesha baiskeli aghalabu husafiri peke yake. Shahidi wake ni yeye mwenyewe.

Polisi wakaamua kujitafutia ushahidi. Walijificha kwenye vichaka vya kando ya barabara wakiwa na saa, wakapima muda ambao gari lilitumia kukata umbali unaojulikana. Wenye magari, ambao wakati huo walikuwa watu wa tabaka la juu, hawakukubali. Mwaka 1905 wakaunda Chama cha Magari, kinachojulikana hadi leo kwa herufi AA, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwatahadharisha madereva dhidi ya mitego hiyo. Na walinzi waliotumwa barabarani kutoa tahadhari hizo walikuwa wapanda baiskeli! Mwenye gari alimlipa mwenye baiskeli ili amkinge dhidi ya polisi. Mahakama ilipoamua mwaka 1910, katika shauri la Betts dhidi ya Stevens, kwamba kumwonya dereva aliyekuwa akivunja sheria ni kumzuia askari kufanya kazi yake, chama kikabuni ujanja mwingine. Mlinzi wake angempigia saluti kila mwanachama anayepita. Asipopiga saluti, mwanachama asimame na kumuuliza sababu. Mahakama ingemwadhibu vipi mtu kwa kutopiga saluti?

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinafichua jambo ambalo takwimu hazilionyeshi. Baiskeli ilikuwapo barabarani, na aliyeiendesha aliona kila kitu. Kilichoamua maana ya alichokiona ni nani alikuwa na uwezo wa kumtuma, na nani alikuwa tayari kumsikiliza.

Badiliko jingine kubwa lilitokea kimyakimya ndani ya maneno ya sheria. Kwa miaka mingi kosa zito lilikuwa kuendesha “bila kujali”, na kulithibitisha kuliwafanya mawakili wabishane kuhusu kilichokuwa kichwani mwa dereva. Shahidi wa kando ya njia angejuaje ya kichwani? Sheria ya Barabara ya mwaka 1991 iliondoa kipimo hicho ikaweka uendeshaji wa hatari, yaani uendeshaji ulio chini mno ya kiwango kinachotarajiwa kwa dereva makini na mwenye uwezo. Swali likahama kutoka moyoni mwa dereva hadi kwenye lami. Na cha kwenye lami kinaonekana, tena kinaweza kupigwa picha.

Kwa hiyo kamera ndogo za kofia na za usukani zilipoenea, zilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Kilichokosekana kilikuwa mlango. Mwaka 2016 Polisi wa North Wales walianzisha utaratibu wa kupokea video za wananchi kuhusu uendeshaji mbaya, nao ukasambaa Wales nzima. Mwaka huohuo Polisi wa West Midlands walianza kuwapandisha askari wao baiskeli wakiwa wamevaa kiraia, ili dola ionje yenyewe kile ambacho raia alikuwa akikilalamikia. Januari 2022 mwongozo rasmi wa barabara ukatamka kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kuyazuia, na ukashauri nafasi ya angalau mita 1.5 wakati wa kumpita mwendesha baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa.

Wapo wanaoona katika haya taifa la wachongezi. Hofu hiyo haifai kupuuzwa, kwani historia imejaa tawala zilizowageuza majirani kuwa wapelelezi. Lakini ripoti hii ina mipaka. Kwa makosa mengi ya namna hii, notisi ya kusudio la kushtaki sharti itolewe ndani ya siku 14. Uamuzi wa kushtaki ni wa mamlaka, si wa mwenye video. Na video haina upendeleo: aliyeituma akivunja sheria naye huonekana.

Sisi tulirithi sehemu kubwa ya sheria za barabarani kutoka huko. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inajua usajili wa magari na inajua kosa la kuendesha kwa hatari. Abiria wa mabasi ya mikoani wamezoea kuhimizwa waripoti dereva anayekimbiza gari. Lakini anayeingia Dar es Salaam alfajiri na magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli hana basi wala abiria wenzake wa kumtolea ushahidi. Tumemzoea kama kero ya barabarani, na tunamkumbuka kama mtu pale anapokuwa marehemu.

Simu zenye kamera zimejaa mifukoni mwetu, na hazitatusaidia peke yake. Somo la Uingereza ni kwamba ushahidi wa mnyonge hupata thamani pale sheria inapouliza swali ambalo yeye anaweza kulijibu, na pale ofisi ya umma inapolazimika kuupokea ndani ya muda uliowekwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika barabara, haki yake ya kwanza ni kusikilizwa angali hai.