Samani za Mbogani na Maktaba ya McMillan

Kazi ya kuirejesha Maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi, ambayo asasi ya Book Bunk iliafikiana na serikali ya kaunti mwaka 2018, imewafanya wengi waulize habari za simba wake wa mawe na vitabu vyake. Wachache wameuliza habari za samani, ilhali baadhi yake zina tarikh ndefu kuliko jengo lenyewe.

Nyumba ya Mbogani, iliyojengwa 1912 karibu na vilima vya Ngong na kununuliwa na mwandishi Karen Blixen na mumewe 1917, haihitaji kuarifiwa, wala kahawa iliyopandwa mahali pa juu mno hata madeni yakalishinda shamba. Lakini mwaka 1931, shamba likiwa limekwisha kuuzwa naye akijiandaa kurejea Denmark, Bibi Blixen alilazimika kuuza hata vyombo vya nyumbani, na aliyenunua sehemu kubwa ni Lady McMillan, mjane ambaye mwaka uo huo alikuwa akifungua maktaba kwa ukumbusho wa mumewe aliyefariki 1925. Hivyo samani zilizoshuhudia kufilisika kwa mlowezi mmoja zikatoka Mbogani, na nyingine zikaishia katika maktaba ya walowezi, ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mpaka ukoloni ulipokaribia kikomo.

Makumbusho yalipofunguliwa Mbogani 1986, nyingi zilirejeshwa, na vyombo vya filamu ya maisha ya Bibi Blixen, iliyopigwa mwaka uliotangulia, vikajaza pengo.

Katika kutengeneza samani za namna hii, asiyejua huiparuza meza kwa msasa hata ing'ae kama iliyotoka jana kwa maseremala wa Ngong Road, na kwa kitendo hicho huifutia umri wake. Bali fundi mjuzi huondoa uchafu taratibu, hukwangua gundi kuukuu viungoni, hukaza ulimi uliolegea, na hutia kipande kipya pale tu ubao ulipooza, akiyaacha makovu yaliyo ushahidi.

Ni aibu kwamba samani za Mbogani hutunzwa kwa ajili ya watalii, ilhali viti vya maktabani, ambavyo watoto wetu huvikalia, vimeachwa miaka mingi bila matengenezo. Amana hii ni moja, nayo yastahili mafundi wenye ujuzi, ujira wa halali, na daftari litakaloandika asili ya kila kiti pamoja na jina la seremala atakayekitengeneza, kwani majina ya waliovitumikia zamani hayakuandikwa.