VIPAJI VYETU, SEHEMU YA 3: Kijana wa Karatu aliyetolewa kwenye mchujo



Mwaka jana mama mmoja alinijia na kijana wake wa miaka 14. "Nesi, huyu alikuwa anakimbia mpaka shule nzima inashangilia. Mwaka huu kaja wa mwisho mashindano ya kata, wameshamwambia hana kitu. Sasa hata mazoezi kaacha." Kijana ameinamisha kichwa, hasemi neno.

Tulichomkuta nacho nitawaambia mwishoni. Kwanza ngojeni niwape historia ya hapa hapa kwetu.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Mwaka 1972, akiwa na miaka 19, alikwenda Olimpiki ya Munich, Ujerumani. Akakimbia mita 1,500, akakimbia na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Zote mbili alitolewa kwenye mchujo. Fainali aliitazama kama mimi na wewe.

Sasa jifanye wewe ndiye mchaguzi. Una karatasi ya matokeo mkononi, na jina la kijana wa Karatu liko huko chini. Ungempa nafasi nyingine? Wengi wetu, tuseme ukweli, tungemkata.

Haikupita hata nusu mwaka. Januari 1973, Michezo ya Afrika mjini Lagos, kijana yule yule akamshinda Kipchoge Keino wa Kenya kwenye mita 1,500. Keino huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka 1968!

Na hata hapo mtindo wake uliwasumbua wajuzi. Kawaida mkimbiaji wa mita 1,500 hujificha nyuma ya wenzake, akangoja mzunguko wa mwisho ndipo afyatuke. Bayi yeye alitangulia tangu mwanzo na kuwaambia wengine nifuateni. Anayetazama kwa haraka angesema huyu hajui kukimbia, atakata pumzi.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akatoka mbele hivyo hivyo. John Walker wa New Zealand, mwenyeji, akamkimbiza hadi mwisho, hakumpata. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia! Walker naye, aliyekuwa wa pili, alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Rekodi ya Bayi ilidumu mpaka 1979.

Mwaka 1976 Tanzania iligomea Olimpiki ya Montreal, na Bayi mwenyewe alikuwa ameumwa malaria. Mama zangu, malaria haijali rekodi ya dunia. Kisha Moscow 1980 akapata medali ya fedha. Katika mbio gani? Zile zile za viunzi na maji alizotolewa Munich miaka minane nyuma.

Wala si yeye peke yake. Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978 akiwa hajatimiza miaka 21. Alphonce Simbu naye alikuwa wa 17 Olimpiki ya Paris 2024. Mwaka uliofuata, Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akiwa na miaka 33! Mmoja aliwahi, mwingine alikawia. Matokeo ya siku moja yanakwambia habari za siku ile tu.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimpima damu, ikawa chini sana. Tukapima choo, tukakuta safura. Mtoto alikuwa anakimbia huku minyoo inamnyonya damu, na watu wazima wanamwambia hana kipaji.

Akatibiwa, akapewa dawa za kuongeza damu, mama akasimamia maharage, mboga za majani na viatu. Sitawadanganya kwamba amekuwa Bayi. Mashindano ya mwaka huu alikuwa wa sita. Lakini anakimbia, na kichwa kiko juu.

Kwa hiyo mtoto akishuka ghafla, kabla hujasema mvivu, jiulize: Analala vya kutosha? Kabla ya mazoezi amekula nini? Amepimwa damu na malaria? Viatu anavyo? Binti yako, hedhi yake ni nyingi kupita kiasi? Anakua haraka, magoti yanauma? Na akitokea mtu anataka kumtoa shule ampeleke kambini, mwambie kipaji kitasubiri. Bayi aling'ara baada ya kutolewa, Simbu alingoja hadi 33.

Mtoto wako alishawahi kuambiwa "hana kitu"? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 4 ni Jumapili, tutazungumzia mabinti wanaokimbia na chakula chao.

Usiku mwema. ❤️