Njia Panda ya Nyakanazi na Historia ya Kuulizia Kazi

Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni mji uliokuzwa na barabara. Ile inayotoka Kahama hapo inatoa tawi la kusini kwenda Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma, na yenyewe inaendelea mpaka Lusahunga, inakogawanyika tena: moja Biharamulo, nyingine Ngara na mpaka wa Rusumo. Mahali kama hapa kazi nyingi hazibandikwi ukutani. Zinasikika kwa dereva wa lori aliyesimama kula, kwa utingo wake, kwa fundi anayerudi kwao, na kwa mama lishe anayewasikia wote watatu. Siku hizi vijana wenye vyeti wanahimizwa waende kwenye maonesho na makongamano ya sekta zao, wabadilishane namba za simu, watafute koneksheni, na ushauri huo hutolewa kana kwamba ni jambo jipya kutoka mjini. Lakini ukanda huu umekuwa ukiulizia kazi kwa watu kwa vizazi kadhaa, na nikiisoma historia hiyo naona kwamba mtafuta kazi wa huku ameumizwa zaidi na kukosa habari kuliko kukosa nguvu au ujuzi.

Tuanze na enzi ya Mwingereza, wakati njia za kwenda kutafuta fedha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mkonge. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, nayo ikachukua watu wengi kutoka Buha, nchi ya Waha, jirani zetu wa kusini, ikawapeleka mashambani kwa mkataba. Mtu alipewa namba, ndiyo maana akaitwa manamba. Mkononi alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi: siku aliyomaliza kipimo chake ilitiwa alama, siku aliyoshindwa haikuhesabiwa, hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri. Njia ya pili ilikuwa ya kwenda Buganda kwa miguu, kulima pamba na kahawa za Waganda. Kitabu kilichohaririwa na Audrey Richards mwaka 1954 kuhusu wahamiaji wa Buganda kinawataja Wahangaza wa Ngara na Waha miongoni mwao. Aliyekwenda Buganda naye aliishi kwa shida. Lakini aliyetangulia alimpokea anayefuata, akamwambia mwajiri yupi analipa na yupi wa kuepuka, na wapo waliopata hata shamba la kukodi. Manamba alipokea habari za shamba kutoka kwa watu waliolipwa kumpeleka. Tofauti hiyo ya nani anayetoa habari naiona kubwa kuliko tofauti ya mishahara.

Ushahidi wa pili ni mchungu zaidi. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, wakimbizi wa Kinyarwanda takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24, wakapiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Mashirika ya misaada yakafuata, na ghafla Ngara ikahitaji madereva, walinzi, wauguzi, makarani na wakalimani. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, hivyo mwenyeji alikuwa na kitu ambacho mtu wa Dar es Salaam hakuwa nacho. Wapo walionufaika, tena walimu na wahudumu wa afya waliacha kazi za serikali kufuata mishahara ya kambini. Hata hivyo nafasi nyingi nzuri zilikwenda kwa watu wa mbali, waliojua Kiingereza na waliojua mashirika hayo yanaajirije. Kazi ilikuja mlangoni kwa mwenyeji, na bado ikampita.

Hapa wapo watakaosema: koneksheni ni upendeleo uliopewa jina zuri, na nchi imeunda Sekretarieti ya Ajira ili mtoto wa mkulima asihitaji mjomba ofisini. Wana haki, na kwa kazi za umma sitaki njia nyingine. Ila kumwambia mtu kwamba kazi ipo si sawa na kumpa kazi hiyo. Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter, katika utafiti wake uliochapishwa 1974, uliofanyika Newton, Massachusetts, alikuta kwamba zaidi ya nusu ya wataalamu aliowahoji walipata kazi kupitia watu, na kwamba wengi wa watu hao walikuwa wa kuonana nao mara moja moja au kwa nadra, si ndugu wala marafiki wa karibu. Ndugu yako anajua unachokijua. Anayepita mara moja kwa mwezi ndiye mwenye jipya, na njia panda imejaa watu wa namna hiyo. Kwa hiyo mahali pa kukutania panapokuwa wazi kwa wote, mjomba wa ofisini anapungukiwa nguvu, maana habari haiko mikononi mwake peke yake.

Sasa kazi zinakaribia tena. Mitambo ya kuzalisha umeme ya Rusumo ya megawati 80, ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ina njia ya umeme hadi kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi. Mkataba wa nikeli ya Kabanga, Ngara, ulisainiwa Januari 2021, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Maonesho ya teknolojia ya madini yanafanyika Geita, na kijana wa Nyakanazi asiye na nauli wala pa kulala hawezi kuyafikia. Halmashauri za Biharamulo na Ngara, pamoja na wenye miradi, waleteni waajiri Nyakanazi siku ya soko, waeleze hadharani wanahitaji fundi gani, lini na kwa malipo gani. Vijana watakuja wenyewe.